Kumbukumbu za Kikao, Ukumbi wa Bondeni

Mimi ndiye karani. Kazi yangu ni kuandika
kilichosemwa, aliyekisema, na saa.
Saa tatu na dakika arobaini
mwenyekiti, Bwana Chelule, alifungua kikao kwa sala,
na upepo wa Menengai ukafungua mlango kwa vumbi.

Ajenda ilikuwa moja:
msamaha wa kodi ya ardhi, miaka kumi na miwili,
kwa kampuni itakayojenga nyumba nafuu mia sita
pale kwenye ghala kuukuu la pareto.

Gathogo wa kampuni, kijana,
viatu ambavyo havijakutana na tope la Rhonda,
alitumulikia ukutani picha za ghorofa.
Miti isiyopandwa ilikuwa tayari na kivuli.
Mtoto mwenye puto alicheka
kwenye roshani ya chumba kisichokuwepo.
"Bila msamaha bei itapanda," akasema. "Hesabu haziongopi."
Nikaandika: hesabu haziongopi.

Kemunto wa sukuma wiki akainua mkono,
kucha zake bado zina kijani.
"Mimi huilipa kaunti kila siku ya Mungu,
niuze, nisiuze,
mvua iwe imenisomba au imenihurumia.
Nikikosa siku moja, kanjo wanabeba meza.
Huyu akikosa miaka kumi na miwili, anabebewa nini?"
Ukumbi ukaangua kicheko.
Kicheko hakina safu katika daftari langu.

Odera, fundi wa mawe, akamjibu bila kumtazama:
"Dada, mwiko wangu umeota kutu miezi minane.
Msameheni mwenye mawe, nami nijenge.
Shimo la barabarani tumelizoea. Njaa, bado."

Mwalimu Wanjohi, mstaafu, akasimama na fimbo yake:
"Kodi hiyo ndiyo lori la taka. Ndiyo dawa za zahanati.
Deni la mkubwa likisamehewa halifi,
linahama nyumba."
Wakampigia makofi hata wale waliompigia Odera.
Hilo nililiandika, kisha nikalifuta.

Saa sita kasorobo,
kutoka benchi la nyuma, kando ya ndoo ya maji,
akasimama mama ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha.
Perpetua Nasimiyu. Nyumba za kaunti, chumba nambari kumi na saba.
Akafungua fundo la leso, akatoa notisi
iliyokunjwa na kukunjuliwa hadi ikalainika kama kitambaa.
"Nimesikia redioni mnasamehe kodi.
Nimekuja mapema.
Yangu ni ya miezi minne tu."

Mwenyekiti akakohoa.
Mtu akaanza kucheka, akakimeza kicheko.
Gathogo akavitazama viatu vyake.
Wakamweleza, kwa upole, kwa zamu:
kodi hii si kodi ile.
Ipo ya anayekaa, ipo ya anayemiliki,
na iliyo mezani leo, mama, ni ya anayemiliki.
Alisikiliza kichwa upande,
kama mtu anayepimiwa unga kwa mizani asiyoiamini.
"Lakini neno ni moja," akasema.
Akaketi.

Miaka kumi na tisa naandika kwa lugha hii
na sikuwa nimeuona mlango ulio ndani ya neno hilo,
wala upande unaofunguka.

Kikao kilifungwa saa saba na robo.
Suala likapelekwa kwenye kamati,
na kamati, tunajua, ina kabati.
Viti vya plastiki vikapangwa kimoja juu ya kingine,
chake kikawa cha mwisho kwa sababu alikuwa bado amekikalia.

Chini ya "Mengineyo" nimeandika:
Mkazi mmoja aliuliza kuhusu kodi. Alielezwa.
Sentensi mbili. Nimezilaza mezani usiku kucha.
Asubuhi nimezisoma tena kabla ya chai,
na ile ya pili
bado inanidai.